4A-FE imetoka ovahaoli, silinda ya 3 haina kompresheni: tupime nini kabla ya kuifungua tena?

Spana_ya_Kumi (mleta uzi)

Assalaam alaykum wadau. Kazi iliyopo gereji, Mwanakwerekwe: Toyota Spacio ya zamani, AE111, injini 4A-FE, gia otomatiki. Imetembea kama kilomita 140 tu tangu ovahaoli.

Yaliyofanywa: bloki imekerezwa milimita 0.50, pistoni na ringi mpya za 0.50, metali (bearing) mpya, hedi (kichwa cha injini) imepigwa skimu (uso umesawazishwa kwa mashine), siti za valvu zimechongwa kwa mashine kisha valvu zikasagwa kwa mkono, sili za valvu mpya, gasketi ya hedi mpya, mkanda wa taiming mpya.

Dalili: inamisi muda wote. Asubuhi inatetemeka sana, ikishapata moto inapungua kidogo lakini haiponi. Ukichomoa waya wa plagi ya 3 mlio wa injini haubadiliki. Plagi ni mpya, waya mpya, na injekta ya 3 imehamishiwa 1 na ugonjwa umebaki palepale kwenye 3.

Geji, injini ikiwa ya moto, kwa psi:
1: 178
2: 174
3: 55
4: 176

Rai iliyopo hapa ni kwamba ringi ya 3 imevunjika wakati wa kuingiza pistoni, kwa hiyo injini ishuke. Kabla ya kushusha nataka vipimo vinavyotenganisha ringi, valvu na gasketi. Karibuni.

---

Fila_Geji

Wa alaykum salaam sheikh. Usishushe kitu. Injini ikishashuka ushahidi wote umeupoteza, utabaki kukisia.

Kwanza tujue kama hizo namba ni za kuaminika. Kipimo kiwe hivi:

Injini ya moto. Plagi zote nne nje, si moja moja. Chomoa soketi ya distributa ili koili isipige cheche hewani, na fyuzi ya EFI (mfumo wa injekta) ili petroli isimwagike ndani na kuosha mafuta ukutani. Throtoli ifunguliwe kabisa, mtu akanyage pedeli mpaka mwisho. Betri iwe imejaa. Stata ikizungusha pole pole namba zote zinashuka. Kitabu cha Toyota kinapima kwenye mizunguko 250 kwa dakika.

Kwa 4A-FE kinataka 1,320 kPa, yaani psi 191. Mwisho wa chini ni 981 kPa, psi 142. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 98 kPa, psi 14. Kwa hiyo 174 hadi 178 kwenye injini ambayo ringi bado hazijakaa ni namba nzuri, usiwe na wasiwasi nazo. Hapa Unguja tuko usawa wa bahari, hakuna kisingizio cha hewa nyepesi ya milimani.

Kitu ambacho wengi hawakiandiki: pigo la kwanza. Zungusha stata huku unahesabu mapigo. Ringi mbovu huanza chini halafu hupanda taratibu kwa kila pigo, pengine 40, 70, 95, 110. Valvu inayovuja huanza chini na kubakia chini. Pima tena 3 na utupe namba ya pigo la kwanza na ya pigo la sita.

Kisha kipimo cha mafuta: mililita 5 za oili ya injini kwenye tundu la plagi ya 3, zungusha kidogo ienee, pima tena. Mililita 5, sio kijiko cha kupakulia wali.

---

Babu_Ringi

Mimi bado nasimama kwenye ringi. Mleta uzi kasema ikipata moto inakuwa nafuu. Pistoni ya alumini inapanuka, nafasi inajiziba, kompresheni inarudi kidogo. Hiyo ni ringi, sina shaka.

Na ringi za ovahaoli zinaharibika kwa njia nyingi kuliko kuvunjika. Ya kwanza: paketi imeandikwa 0.50 lakini ndani mna ringi za saizi ya kiwandani. Silinda ikiongezeka kipenyo milimita 0.50, mzunguko wake unaongezeka milimita 1.57. Ringi ya kawaida uliyoitegemea iwe na mwanya wa 0.30 unakuta mwanya karibu milimita 1.9. Upepo wote unapita pale. Ndiyo maana kila ringi lazima iingizwe silindani peke yake, isukumwe chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, na mwanya upimwe kwa fila geji (visahani vyembamba vya kupimia mwanya). Kwa kadirio la jumla mwanya wa ringi ya juu ni kiasi cha 0.004 ya kipenyo. Silinda ya milimita 81.5 inataka kama 0.33. Chini sana nako balaa: ncha zikigusana kwenye joto, ringi inakwaruza ukuta au inakatika.

Ya pili: ringi ya pili imegeuzwa. Herufi au alama iliyochapwa kwenye ringi inatazama juu. Ya tatu: mianya yote imewekwa mstari mmoja.

---

Mkereza

Babu, uliyoandika kuhusu mwanya wa ringi yote kweli, ila hoja ya joto haithibitishi kitu. Hedi ya 4A-FE ni alumini, shina la valvu ni chuma. Kwa joto lilelile alumini inarefuka takriban mara mbili ya chuma. Injini ikishapata moto sawasawa, hedi inainua kamshafti (mhimili unaofungua valvu) mbali na siti zaidi ya vile shina linavyorefuka. Valvu iliyokuwa imeshikiliwa wazi kwa sababu tapeti (kikombe kati ya kamshafti na mkia wa valvu) haina nafasi inaweza kukaa vizuri zaidi injini ikiwa ya moto kuliko baridi. Kwa hiyo "moto inapata nafuu" inakaa kwa ringi na inakaa kwa valvu. Tupeni dalili hiyo pembeni.

Paketi mchanganyiko nayo ingeharibu zaidi ya silinda moja. Ringi zinakuja seti ya silinda nne. Kama ni saizi isiyo sahihi ungeona nne zote chini. Ringi iliyovunjika kwenye 3 pekee inawezekana, lakini itakuja na wenzake: moshi wa bluu, upepo unaopuliza kwenye mfuniko wa kumiminia oili, na plagi ya 3 yenye oili. Mleta uzi, fungua mfuniko wa oili injini ikiwa inawaka. Je, inapumua kama kawaida au inatema?

Na wewe uliyekereza, au aliyekerezewa: bloki ikitoka mashine ikakaa siku mbili bila kupakwa oili kwenye hewa hii ya chumvi, kuta zinaota kutu ya rangi ya chai. Ukipitisha ringi mpya juu ya kutu ile, mistari ya kukwangua iliyowekwa na mashine inakwisha kabla ringi hazijajikalisha. Wenzetu wa Pemba wanaosafirisha bloki kwa boti mpaka Unguja au Dar wazingatie: kabla ya safari, osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha, paka oili mpaka idondoke, funga kwenye nailoni. Kitambaa cheupe kilicholowa oili kikipita silindani kitoke cheupe. Kikitoka kijivu, unga wa mashine bado umo.

---

Spana_ya_Kumi

Matokeo ya leo.

Silinda ya 3 ya moto: pigo la kwanza 30, la pili 48, la tatu 55, na hapo likaganda mpaka pigo la nane. Silinda ya 2 kwa kulinganisha: 95, 140, 162, kisha 174.

Baridi, asubuhi kabla ya kuwasha: silinda ya 3 ni 40. Nyingine 165 hadi 170.

Na mililita 5 za oili kwa sirinji: 3 imetoka 55 ikaenda 61.

Mfuniko wa oili: inapumua kawaida. Moshi wa bluu hakuna. Plagi ya 3 kavu, nyeusi ya petroli, haina oili.

---

Babu_Ringi

Imepanda. 55 kwenda 61. Oili imeziba ringi.

---

Fila_Geji

Haijaziba kitu, Babu yangu, fanya hesabu. 4A-FE ina sisi (cc) 1,587, kwa hiyo kila silinda inasafisha kama sisi 397. Uwiano wa kompresheni ni 9.5, maana yake nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni kama sisi 46.7. Ukimimina sisi 5 za oili nafasi hiyo inabaki 41.7, na uwiano unapanda mpaka kama 10.5. Hata silinda nzima kabisa, isiyo na ringi mbovu, itaonesha ongezeko la sehemu moja katika kumi kwa sababu ya oili kuchukua nafasi tu. 55 kwenda 61 ndiyo hiyo sehemu moja katika kumi. Ingekuwa ringi tungeona 55 kwenda 110 au zaidi.

Ndiyo maana nilitaja mililita 5. Anayemimina 20 atapandisha geji ya injini yoyote, halafu atamuuzia mtu seti ya ringi.

Na kuhusu geji yenyewe, kwa faida ya wanaosoma: kwenye ncha ya bomba la geji kuna valvu ndogo inayofanana na ya tairi. Ikiharibika watu wanaweka ya tairi kabisa. Spring ya valvu ya tairi ni ngumu zaidi, geji itasoma chini kwa silinda zote. Kama zako tatu zinasoma 170 na kitu, geji yako iko salama.

Sasa kipimo cha upepo.

---

Dizeli_Konde

Samahani kuingilia. Hii ya kumimina oili, na kwenye 3L ya Hiace inafaa?

---

Mkereza

Hapana, yakhe. Dizeli uwiano wake ni mkubwa mno, nafasi juu ya pistoni ni ndogo, oili kidogo tu inabadilisha namba kupita kiasi, na oili ile inaweza kuwaka yenyewe kwa mgandamizo. Geji ya petroli nayo usiitumie, itapasuka. Dizeli inataka geji ya psi 1,000 na adapta ya tundu la plagi ya moto au la nozeli. Kwa 3L nenda moja kwa moja kwenye kipimo cha upepo kinachofuata hapa chini, kanuni ni ileile.

---

Chake_Gereji

Kipimo cha upepo kwa asiye na mashine ya dukani. Vifaa: kompresa ya kujazia tairi yenye regyuleta, geji mbili za upepo, kipande cha shaba au boliti iliyotobolewa tundu la milimita 1, bomba la mpira la presha, na adapta ya tundu la plagi.

Adapta: chukua plagi kuukuu ya uzi wa M14 wa 1.25, vunja kaure, toa shina la kati, ubaki na ganda. Chomelea kipande cha paipu ndani ya ganda. Kwenye 4A-FE plagi zimezama ndani ya mirija mirefu ya hedi, kwa hiyo paipu iwe ndefu ya kutokeza juu, kama sentimita 20, la sivyo hutaweza kuikaza.

Mpangilio: regyuleta, geji ya kwanza, tundu la milimita 1, geji ya pili, bomba, silinda. Tundu lile dogo ndilo linalopima. Silinda isiyovuja, geji mbili zinasoma sawa. Inayovuja, ya pili inashuka. Weka ya kwanza psi 100 na namba ya pili inakuwa asilimia bila hesabu.

Pistoni ya silinda unayopima iwe juu kabisa, kwenye kompresheni, valvu zote zimefungwa. Hakikisha kwa kufungua mfuniko wa valvu na kutazama pua za kamu (nundu za kamshafti) za silinda ile. Zote nne zitazame mbali na tapeti. Kwa gia ya kawaida ungeweka namba nne na kuvuta breki. Hii ni otomatiki, kwa hiyo mtu ashike puli ya krenki kwa spana ndefu, soketi ikiwa imekaa barabara kwenye boliti. Psi 100 juu ya pistoni ya milimita 81.5 ni nguvu ya zaidi ya kilo 350. Pistoni ikiwa imepita juu hata kidogo, krenki inazunguka na spana inarudi na mkono wa mtu. Fungua upepo taratibu kuanzia psi 20, vidole mbali na mkanda na puli.

Halafu sikiliza. Mdomo wa throtoli: valvu ya inleti. Bomba la ekzosi nyuma ya gari: valvu ya ekzosi. Mfuniko wa oili au tundu la dipstiki: ringi. Mapovu kwenye rejeta iliyofunguliwa: gasketi au ufa. Upepo kutoka tundu la plagi ya jirani: gasketi imekatika kati ya silinda mbili. Kwa rejeta ijaze maji mpaka mdomoni kwanza, bila hivyo hutaona kitu.

Kipande cha mpira wa dripu kimoja sikioni, kingine kwenye tundu, ni kizuri kuliko kuinamisha kichwa.

---

Spana_ya_Kumi

Adapta tumechomelea, kazi ya nusu saa. Geji ya kwanza 100:

1: 92
2: 90
3: 38
4: 93

Kwenye 3 upepo unatoka ekzosi, unasikika wazi ukiweka kiganja kwenye bomba. Throtoli kimya. Mfuniko wa oili unapumua kidogo tu, sawa na silinda nyingine. Rejeta haina povu.

---

Babu_Ringi

Haya, nimekubali. Ekzosi. Basi hedi itoke, valvu imepinda au haikusagwa vizuri.

---

Mkereza

Bado, Babu. Hedi isitoke kabla ya kupima nafasi za tapeti. Hiyo ni kazi ya fila geji na soketi moja, na nathubutu kusema ndiyo chanzo kinachorukwa kuliko vyote kwenye injini zilizochongwa siti.

Sababu ni hii. Ukichonga siti, valvu inazama ndani zaidi ya hedi. Ikizama, mkia wake unapanda juu upande wa kamshafti kwa kiasi kilekile. Juu ya mkia kuna tapeti, juu ya tapeti kuna shimu (kisahani cha chuma cha kurekebisha nafasi), juu ya shimu kuna kamu. Kamu haijasogea. Kwa hiyo nafasi iliyokuwepo kabla inaliwa. Siti ikichongwa milimita 0.30, nafasi ya 0.30 imekwisha. Ikichongwa 0.36, mgongo wa kamu unaikanyaga valvu muda wote na haifungi kamwe. Nywele tu, lakini upepo wote unapita hapo. Kurudisha shimu za zamani mahali pake kwa uangalifu hakusaidii, maana zilipangwa kwa kina cha siti ya zamani. Kuzichanganya ni mbaya zaidi.

Na valvu ya ekzosi inapoza kichwa chake kwa kugusa siti. Isipogusa inaungua ukingo. Kilomita 140 huenda imesalimika, elfu moja isingesalimika. Kwa hiyo gari hili lisitembee mpaka lipimwe.

Upimaji ni wa injini baridi kabisa, iliyolala usiku. Mpangilio wa kuwasha ni 1-3-4-2. Weka silinda ya 1 juu ya kompresheni na upime inleti za 1 na 2, ekzosi za 1 na 3. Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili, pima inleti za 3 na 4, ekzosi za 2 na 4. Inleti milimita 0.15 hadi 0.25. Ekzosi: matoleo ya mwanzo ya injini hii yanasema 0.20 hadi 0.30, ya baadaye 0.25 hadi 0.35. Ukilenga kati ya 0.25 na 0.30 uko salama kwa yote mawili. Geji ipite kwa msuguano mwepesi, isilazimishwe.

Andika zote kumi na sita, sio ya 3 pekee.

---

Spana_ya_Kumi

Baridi, saa kumi na mbili asubuhi.

Inleti: silinda 1: 0.18 na 0.17. 2: 0.16 na 0.18. 3: 0.15 na 0.17. 4: 0.16 na 0.18.

Ekzosi: 1: 0.21 na 0.22. 2: 0.20 na 0.22. 3: ya mbele 0.12, ya nyuma haiingii hata 0.04. 4: 0.21 na 0.19.

Shimu zilizopo ekzosi ya 3: mbele 2.75, nyuma 2.85. Nimetaka kuagiza ya nyuma ila sijui nipunguze kiasi gani, maana 0 siwezi kuitoa kwenye hesabu.

---

Fila_Geji

Hapo ndipo watu wanapokosea na kununua shimu mara tatu. Sifuri si namba, inaweza kuwa chini ya sifuri. Weka shimu nyembamba uliyonayo, 2.50, pima nafasi nayo, kisha hesabu kutokea hapo.

Kanuni: shimu mpya = unene wa shimu iliyopo + nafasi uliyopima, toa nafasi unayotaka.

Ya mbele unaweza kuhesabu sasa. Ina 2.75 na nafasi 0.12. Ukiweka 2.60 nafasi inakuwa 0.12 + 0.15 = 0.27. Vizuri kabisa.

Shimu za injini hii zinatoka 2.50 hadi 3.30, zinapanda kwa 0.05. Namba imechapwa upande mmoja. Upande wenye namba utazame chini kwenye tapeti, ili kamu isiisage. Ukikuta namba imefutika pima kwa maikromita, usikisie. Vanieri kali ya plastiki haitoshi kwa kazi ya 0.05.

Kama huna kile kifaa cha kukandamiza tapeti kamshafti ikiwa mahali pake, itabidi kamshafti itoke, na hapa tahadhari mbili. Gia ya kamshafti moja ni pacha yenye spring ndani. Kabla ya kuilegeza funga gia mbili pamoja kwa boliti ya M6 ya uzi wa 1.0, urefu milimita 16 hadi 20. Ukisahau, gia inajipinda na meno hayatakutana tena. Na vikofia vya kamshafti vilegezwe kidogo kidogo kwa zamu, kamshafti ipande ikiwa imelala sawa. Ikipanda upande mmoja inavunja sehemu ya hedi inayoizuia isisogee mbele na nyuma. Kurudisha, vikofia 13 Nm, tena kwa awamu.

---

Chake_Gereji

Kabla hujaenda dukani kununua, panga shimu zako zote kumi na sita mezani kwenye karatasi yenye namba za silinda. Ekzosi zako nyingine zimebana pia, 0.19 hadi 0.22. Zitahitaji kupungua kwa 0.05 au 0.10, na mara nyingi shimu inayotoka kwenye valvu moja inaifaa nyingine. Unaweza kujikuta unanunua mbili au tatu tu. Kwetu Chake shimu moja moja zinapatikana kwa wanaouza vipuri vya injini zilizobomolewa.

---

Mwanafunzi_wa_Gereji

Wakubwa, naomba kuuliza. Mleta uzi kapata silinda moja. Je, zingekuwa mbili zimeshuka, au nne?

---

Mkereza

Mbili zinazopakana, mfano 2 na 3 zote 80, na upepo ukipuliza moja unatokea kwenye tundu la plagi la jirani: gasketi ya hedi imekatika kwenye kidaraja kati yao, au hedi haikunyooka pale. Rula ya chuma na fila geji, hedi isipinde zaidi ya 0.05 upande wa bloki, na bloki yenyewe nayo ipimwe. Watu wanapiga hedi skimu na bloki hawaigusi hata kwa rula.

Kwenye injini hii kuna mtego wa boliti. Hedi ina boliti za urefu wa aina mbili, milimita 90 na 108. Fupi ni upande wa inleti, ndefu upande wa ekzosi. Zikibadilishana, ndefu inafika mwisho wa tundu kabla ya kubana hedi, toki renchi inabofya, fundi anaridhika, na hedi imekaa hewani. Vilevile tundu la boliti likiwa na maji au oili chini, boliti inakandamiza kimiminika, inaweza kupasua bloki. Puliza matundu yote kwa upepo. Toleo la AE111 linakazwa kwa awamu: 29 Nm, kisha digrii 90, kisha digrii 90 tena, kuanzia katikati kwenda nje, nyuzi zimepakwa oili kidogo.

Na maji ya kisima. Kisima cha pwani kina chumvi, na sehemu kubwa ya Unguja maji yana chokaa. Ukiyaweka kwenye rejeta, alumini inaliwa kuzunguka matundu ya maji mpaka gasketi inakosa pa kukalia. Skimu itaondoa shimo dogo, kubwa linajazwa kwa kuchomelea kisha kuskimiwa.

Nne zote zikiwa chini kwa usawa, mfano 110 kila moja: anza na betri, throtoli iliyosahaulika, kisha mkanda wa taiming umeruka jino, au alama za zile gia mbili za kamshafti hazikukutana. Au injini imezungushwa muda mrefu bila kuwaka na petroli imeosha kuta. Hapo mimina oili kidogo kila silinda, zungusha, pima upya. Kama namba zinarudi na kubaki, imekwisha.

Hoja ya skimu kupandisha au kushusha kompresheni, iacheni. Kuondoa 0.20 kwenye hedi kunapunguza nafasi kwa sisi 1 hivi kati ya 46.7. Geji ya mkononi haitaiona.

---

Babu_Ringi

Nyongeza. Hii injini mkanda ukikatika pistoni haigongi valvu, kwa hiyo "valvu imepinda kwa mkanda" msimkubalie fundi. Ila valvu inapinda kwa hedi kulazwa mezani kifudifudi wakati kamshafti zimo. Zile zilizofunguka zinachomoza nje na kubeba uzito wa hedi yote. Laza juu ya mbao mbili.

---

Spana_ya_Kumi

Ekzosi ya 3 nyuma, na shimu ya 2.50: nafasi 0.29. Kwa hiyo na 2.85 ilikuwa 0.06 chini ya sifuri, valvu ilikuwa imeshikiliwa wazi. Imebaki na 2.50. Ya mbele 2.60, sasa 0.27. Ekzosi nyingine sita zimepangwa 0.25 hadi 0.29, shimu tatu ndizo zilizonunuliwa.

Injini ya moto baada ya kutembea mpaka Bububu na kurudi:

1: 180
2: 176
3: 168
4: 178

Upepo kwenye 3: 86 kati ya 100. Ekzosi bado inasikika kidogo sana. Haimisi tena.

---

Mkereza

Tofauti 12, iko ndani ya 14. Hicho kidogo kinachosikika ni uso wa valvu ulioguswa na moto. Ukiendelea kufunga vizuri unaweza kujisaga wenyewe. Pima upepo tena baada ya kilomita 1,000, na nafasi za tapeti upime baridi siku hiyohiyo, maana siti mpya iliyochongwa bado inakaa na nafasi ya ekzosi huwa inapungua, haiongezeki. Ikishuka chini ya 80, hedi itoke.

Jambo moja mwambie mwenye gari mapema. Ekzosi ya 3 nyuma imefika 2.50, shimu nyembamba kuliko zote. Nafasi ikipungua tena hakuna shimu ya kuweka. Itabidi ama mkia wa valvu usagwe kidogo kwenye mashine, ukiwa bado juu ya urefu wa chini unaoruhusiwa, ama siti mpya ipigwe. Andika hiyo na kilomita ya leo kwa kalamu ya rangi ndani ya mfuniko wa mkanda wa taiming, fundi atakayefungua baadaye aione.

---

Fila_Geji

Na ile 2.85 ihifadhi, inleti za injini nyingine huitaka mara nyingi.